Wanaouza habari za siri: namna vijana wetu wanavyovutwa kwenye makosa

Mazungumzo ya elimu ya uraia yaliyosemwa kwenye radio, Likasi. Tunayachapa kama yalivyosemwa, kwa ajili ya familia zilizohama na wakubwa wa kartie walioomba kuyasoma.

  Juma lililopita niliahidi kwamba leo tutasemezana juu ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mnisamehe. Vyeti vitangoja. Kuna neno limeniingilia nyumbani, nalo haliwezi kungoja.

Jumapili jioni mama mmoja alikuja kwangu. Jina lake sitalisema, wala kartie anapokaa. Ni mama aliyehama, anauza mkaa, na ana mtoto wa kiume wa miaka 19. Mtoto huyo amepewa kadi yenye mhuri na mtu mmoja ambaye husema anajua mambo yaliyofichwa. Mtu yule anasema hivi: misaada ya wahamaji ilitoka yote, unga, mafuta, mabati, na hata pesa ya kurudi kijijini, orodha ya kweli ipo, lakini imefungwa, na wanaokula misaada ile ni watu wa kabila fulani waliopanga tangu zamani kuwamaliza wenye nchi. Mara ya kwanza kijana alitoa franga elfu tano kwa ajili ya kadi. Mara ya pili waliapa usiku, kila mmoja akinywa maji ya chupa moja. Mara ya tatu wakaambiwa kwamba kuna depo fulani ambamo vitu vyao vimewekwa, na kwa sababu ni vitu vyao, kwenda kuvichukua si wizi.

Mama akaniuliza: "Mwanangu, wewe uliyesoma sheria, mtoto ameapa tayari. Anaweza kutoka?"

Nitamjibu mbele yenu wote, maana najua si yeye peke yake mwenye swali hilo. Lakini kwanza tuiangalie kazi ya yule mwenye kadi, kwa sababu ni kazi kweli, ina utaratibu wake, na imefanywa katika Katanga hii kwa miaka mia moja.

Tapeli wa kawaida anakuuzia kitu kisichokuwepo: almasi ya chupa, kiwanja cha mtu mwingine. Ukigundua, unakasirika na kumshitaki. Huyu wetu anauza adui. Naye haanzi na uongo, anaanza na kidonda chako mwenyewe. Ni kweli misaada haitoshi. Ni kweli kuna siku jina lako lilisomwa vibaya au halikusomwa kabisa. Anakaa karibu nawe, anakusikiliza kuliko tunavyokusikiliza sisi wenye ofisi, na anapokwisha kukusikiliza anakuambia: haya yote yamepangwa. Hapo ndipo uongo unapoingia, katika neno hilo moja, "yamepangwa".

Ukimwomba ushahidi, anacheka: "Si unaona walivyouficha?" Kwa namna hiyo, kukosekana kwa ushahidi ndiko kunakuwa ushahidi. Na mwenye kuendelea kuuliza, basi labda naye ni mmoja wao. Watu wananyamaza, na ukimya ule kila mmoja anauhesabu kuwa kukubali.

Halafu anakuomba kidogo. Makuta ya kadi. Baadaye kiapo. Baadaye kosa. Nataka mlisikie vizuri jambo hili, maana ndilo lililonileta hapa leo: kosa lile si kwa ajili ya mali tu. Kosa ni kufuli la mlango. Ukikwisha kuvunja depo, utaihitaji hadithi yake kuliko yeye mwenyewe anavyoihitaji. Kama hadithi ni ya kweli, wewe ni mpigania haki. Kama ni ya uongo, wewe ni mwizi tu, tena labda umemwaga damu ya mlinzi mwenye watoto. Nani anapenda kuamka asubuhi na kujikuta hivyo? Basi atashika hadithi kwa mikono miwili, na atamvuta na mdogo wake aingie, ili asiwe peke yake.

Mmeniambia mara nyingi nisiseme mambo ya vitabu bila mfano. Basi tuanze na mji wetu huu.

Mwaka 1992 mimi nilikuwa bado mgongoni kwa mama. Wenzangu wengi wa umri wangu wanafikiri habari ya watu waliolala garini Likasi ni hadithi ya wazee. Si hadithi. Tangu miaka ya 1920 Union Minière na reli ya BCK zilileta wafanyakazi kutoka Kasai kwa mkataba. Katika Jadotville, ndilo jina la zamani la Likasi, walizaa watoto, na watoto wakazaa wajukuu ambao hawakuwahi kuiona Kasai. Walifanya kazi Shituru, walifanya kazi kwenye reli, walifundisha shuleni.

Halafu Gécamines ikaugua. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa shaba zaidi ya tani 450,000 kwa mwaka. Mwaka 1990, mwezi wa Septemba, mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ulibomoka. Mashine hazikuwa na vipuri, pesa ya shaba ilichukuliwa na utawala bila kurudishwa kazini, mwaka 1991 askari wakapora miji, na pesa ya zaïre ikawa karatasi. Kufika mwaka 1993 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Baba wa nyumba aliyezoea kupokea posho ya unga kila mwezi akarudi mikono mitupu.

Mwenye njaa huuliza: nani amefanya hivi? Jibu la kweli lilikuwa refu na lenye kuchosha. Mgodi, bei, usimamizi, rais na watu wake. Jibu fupi lilikuwa karibu, ng'ambo ya ukuta wa nyumba: ni jirani yako, Mkasai, yeye na wenzake walipanga kula kazi zote. Jibu hilo lilisemwa na wakubwa wa chama cha UFERI, chama kilichokuwa na gavana wa jimbo, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, na kilichokuwa na jeshi la vijana wake, JUFERI. Watu wa Kasai wakaitwa bilulu, wadudu. Mnajua tunavyowafanya wadudu.

Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu, mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Kwa wale waliokwisha kuamini hadithi, huo ulikuwa uhakikisho: mnaona, mpango unatimia! Katika majuma yaliyofuata nyumba za Wakasai hapa Likasi zilishambuliwa, vitu vikaporwa, watu wakafukuzwa. Maelfu walikimbilia gari la moshi na mashule, wakalala pale wakingoja treni kwa majuma na miezi. Wengi, hasa watoto, walikufa kwa magonjwa hapo hapo penye kungojea. Mwaka 1993 moto ukafika Kolwezi. Kwa jumla waliofukuzwa Katanga walikuwa mamia ya maelfu.

Sasa tuulizane kama watu wazima. Kijana wa JUFERI aliyeingia katika nyumba ya jirani, aliyebeba kitanda na redio, alipata nini? Aliambiwa kazi zitabaki kwake. Gécamines haikuamka. Iliendelea kuanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa kwa ule mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Safari hii hapakuwa na Mkasai wa kusingizia. Wapo baba zetu wengine ambao mpaka leo wanasimulia jinsi pesa ile ya kuondoka ilivyokwisha kabla ya mwaka kugeuka.

Aliyepata faida alikuwa mbali: Mobutu, ambaye wapinzani wake walianza kukatana wenyewe kwa wenyewe badala ya kumtazama yeye. Naye alipokwisha kuitumia kazi ile, mwaka 1995 akamwondoa gavana. Baadaye mambo yakageuka tena. Mwaka 2019 rais Félix Tshisekedi, mtoto wa yule yule Étienne, alimweka mzee Kyungu kuwa mwenyekiti wa baraza la SNCC, yaani reli, reli ile ile iliyobeba waliofukuzwa. Alikufa mwaka 2021. Sisemi haya kwa kumdharau marehemu, na kupatana kwa wakubwa si jambo baya. Nawauliza tu: kijana wa mwaka 1992 aliyechoma nyumba, yeye amepatanishwa na nani? Nani alimwita mezani? Mkubwa anaweza kubadili hadithi yake mara tatu katika maisha yake. Mdogo aliyetumia mikono yake hawezi kubadili alichokifanya.

Wengine mtasema: ile ilikuwa siasa ya chama, sisi wa kijijini tuna mambo yetu. Basi tuende kijijini. Ninyi mliotoka Mitwaba, Pweto na Manono mnalijua jambo hili kuliko mimi, nitakapokosea mtanirekebisha.

Wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1998, serikali iligawa silaha kwa Mai-Mai ili wapigane na Warwanda. Vita vilipopoa, silaha hazikurudi. Gédéon Kyungu Mutanga akabaki na watu wake msituni. (Majina yanafanana, lakini ni mtu mwingine.) Kwa ajili yake na wenzake ile nchi yenu ikaitwa pembetatu ya kifo. Walikuwa na maji ya dawa, walikuwa na hirizi, na walikuwa na hadithi: kuna wasaliti kati yenu, wanaojificha, ndio maana nchi haitulii. Wasaliti hao walikuwa nani? Mwalimu. Mkulima aliyeonekana akisemezana na askari. Mama aliyekataa kutoa mihogo. Mei 2006 alijitoa kwa MONUC kule Mitwaba, na wengi waliokuwa naye walikuwa watoto. Tarehe 5 Machi 2009 tribunali ya jeshi huko Kipushi ilimhukumu kifo kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Septemba 2011 alitoroshwa katika buloko ya Kasapa, Lubumbashi, pamoja na mamia ya wafungwa.

Tangu hapo likasikika jina la Bakata Katanga, wakate Katanga, itengwe na Kongo. Na hapa tena hadithi ilishika kidonda cha kweli. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka jimboni yabaki jimboni. Hayakubaki kama ilivyoandikwa, kila mtu anajua. Mtu anayeona malori ya madini yakipita mbele ya shule isiyo na paa hahitaji kudanganywa ili akasirike. Lakini hasira ile ilifanya nini? Vijiji vilivyochomwa na wale wenye kuitetea Katanga vilikuwa vijiji vya Katanga. Mwishoni mwa mwaka 2013 waliohama makwao katika jimbo hili walikuwa karibu 400,000. Wengine ni ninyi mnaonisikiliza.

Tarehe 23 Machi 2013, siku ya Jumamosi, mamia ya Bakata Katanga waliingia Lubumbashi kwa miguu. Wachache walikuwa na bunduki. Wengine walibeba mishale, marungu na hirizi. Waliambiwa risasi itageuka maji. Risasi haikugeuka. Watu zaidi ya 30 walikufa siku ile, na wapiganaji zaidi ya 200 wakakimbilia kambi ya MONUSCO kuomba kuokolewa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika katika ripoti zao kwamba nyuma ya wale wenye mishale walikuwapo watu wakubwa wenye vyeo. Tarehe 23 Machi hakuna mkubwa hata mmoja aliyetembea mbele na hirizi kifuani.

Gédéon je? Oktoba 2016 alijitoa tena. Mtu aliyehukumiwa kifo hakurudishwa Kasapa. Alikaa katika nyumba Lubumbashi chini ya ulinzi, mpaka Machi 2020 alipotoroka tena. Februari 2021 vijana wengine wenye jina lile lile la Bakata Katanga walishambulia kambi za jeshi Lubumbashi, na wengine wakaacha maiti zao pale. Mimi kama mtu wa sheria naona aibu kusimulia jambo hili. Lakini kijana anayeitwa leo aingie katika kundi lazima alisikie: nyumba yenye walinzi ni ya mwenye kuwaita. Mwenye kuitwa hupewa shimo au buloko.

Tusifikiri ni ugonjwa wa Katanga peke yake. Kule Kasai, mwaka 2016 na 2017, katika uasi wa Kamuina Nsapu, watoto walinyweshwa dawa na kutumwa mbele ya bunduki wakiwa na fimbo. Kila kabila lina wauza-adui wake.

Sasa neno kwenu mashefu, na naomba msikasirike. Mwenye kadi hawezi kukaa katika kartie bila mkubwa mmoja kumfumbia macho. Mara nyingine mkubwa anafikiri atamtumia kwa faida yake. Sikilizeni habari ya mwaka 1925, ilitokea mpakani kwetu.

Tomo Nyirenda alikuwa mtu wa Nyasaland, aliyesoma kidogo kwa wamisionari, akaenda Rhodesia ya Kaskazini kutafuta kazi. Akashika mahubiri ya Watch Tower, yale ambayo huku kwetu yalizaa Kitawala, ingawa Watch Tower wenyewe hawakumtuma. Alijiita Mwana Lesa, Mwana wa Mungu. Alibatiza na kuahidi: Waamerika weusi watakuja, wazungu wataondoka, mali itagawanywa. Watu waliochoka na kodi walimpenda. Katika nchi ya Walala shefu mmoja, Shaiwila, alimkaribisha, akamtaka asafishe nchi kwa kuwatoa wachawi. Hapo ubatizo ukawa mtego: yule ambaye maji hayakumfunika vizuri alisemekana kuwa mchawi, akashikwa chini ya maji mpaka akafa. Na shefu alikuwa na maadui wake, wazee wenye kumpinga. Nao maji hayakuwafunika.

Fikirini jinsi uchawi unavyofaa kwa kazi hii. Mchawi haonekani, mpango wake hauonekani, ushahidi hauwezi kuombwa. Na wenye kuwashika watu wale chini ya maji walikuwa majirani wao, waliobatizwa juzi, kila mmoja akiogopa kwamba akikataa ataonekana naye ni mchawi. Walipotafutwa upande ule, Mwana Lesa alivuka mpaka akaingia Katanga, upande wa Sakania, na huko aliua wengi zaidi. Kwa pande zote mbili waliokufa walikaribia 200. Mwishoni alikamatwa Rhodesia, akahukumiwa kunyongwa. Shefu Shaiwila naye alihukumiwa kunyongwa pamoja naye. Alifikiri amepata mtumishi.

Kwa hiyo, shefu, kama kuna mtu anakusanya vijana usiku katika avenue yako na wewe unanyamaza kwa sababu anamchafua mpinzani wako, ujue uko pale alipokuwa Shaiwila. Lakini hata wewe mwenye moyo mwema unaweza kumsaidia bila kujua. Namna gani? Kwa kuficha orodha. Orodha ya wahamaji ikikaa mfukoni mwako, ikisomwa mara moja tu na kufungwa, umempa mwenye kadi nusu ya maneno yake bure. Ibandike ukutani. Isome kwa sauti mbele ya watu wote, na wahamaji wawe na watu wao wawili au watatu wa kuihesabu pamoja nawe. Magunia yalikuwa 80, yameisha kwa familia 80, wengine hawakupata: sema hivyo. Watu watanung'unika mchana, na manung'uniko ya mchana hayaui. Nimewahi kuona mkutano mmoja wa namna hii ambao ulianza kwa matusi ukamalizika kwa watu kugawana nusu-nusu. Si kila mara itakuwa hivyo, lakini hadithi ya orodha ya siri haina mahali pa kukaa pale ambapo orodha iko ukutani.

Kuhusu maneno ya kabila, mkumbuke pia kwamba tangu tarehe 7 Juni 1966 nchi yetu ina sheria, ordonnance-loi namba 66-342, inayoadhibu ubaguzi na uchochezi wa kikabila. Ilikuwapo mwaka 1992. Haikukosekana sheria, alikosekana mtu wa kuishika.

Sasa nakuja kwako, mama, na kwa mtoto wako.

Kiapo kile hakimfungi. Katika sheria yetu ya mikataba, ahadi yenye shabaha iliyokatazwa haina nguvu yoyote. Hakuna tribunali itakayomdai kijana kwa sababu aliapa kuiba. Akitishwa kwamba atauawa au atalogwa akitoka, kumtisha mtu ni kosa jingine, nalo linashitakiwa. Na yule aliyepokea makuta kwa kutumia cheo cha uongo na matumaini ya uongo anaangukia kifungu cha 98 cha kitabu cha adhabu, utapeli.

Atasema: "Mimi nilitumwa." Hapana. Katiba, kifungu cha 17, inasema kosa ni la mtu binafsi. Kabila halifungwi, ukoo haufungwi, lakini pia hakuna mtu anayefungwa mahali pako. Na kifungu cha 28 kinasema hakuna mtu anayelazimika kutii amri iliyo wazi kwamba inavunja sheria, hata ikitoka kwa serikali yenyewe. Sembuse amri ya mtu mwenye mhuri wa kununua sokoni.

Lakini lazima nimwambie na lililo gumu. Kundi linaloundwa kwa shabaha ya kushambulia watu au mali ni kosa tangu linapoundwa, kabla ya kufanya chochote. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 156, na adhabu yake inaweza kufika kifo. Asifikiri basi kwamba mpaka sasa ni maneno tu. Kwa upande mwingine, kifungu cha 4 kinaadhibu jaribio la kosa pale ambapo mtu amezuiwa na jambo lililo nje ya nia yake. Mwenye kuacha kwa hiari yake mwenyewe, kabla ya kufanya, hayumo humo. Mlango uko wazi leo. Alhamisi usiku, wakienda kwenye depo ile, hautakuwa wazi namna hii tena.

Na kama kati ya vijana wale kuna wenye umri chini ya miaka 18, wao wako chini ya sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, na tribunali yao ni ya watoto. Mwenye kuwaingiza ndiye mwenye hatari zaidi. Wazazi, msiwafiche watoto hao kwa hofu.

Mtoto asirudi kwa yule mtu kudai franga zake elfu tano. Ziende. Asiichome kadi wala asiitupe, ni ushahidi, tena pengine una namba ya simu nyuma yake. Asiende peke yake polisi usiku. Kesho Jumatano saa tatu asubuhi nitakuwa mlangoni pa parokia, pale mama anapopajua, na mwenzangu mwanasheria atakuwapo. Tutakwenda parke sisi wanne. Kama ana rafiki mwenye kadi ya namna ile, amlete.